Wakio na Ngazi ya Birikani

Sogeeni karibu, niwaambie habari za Wakio.

Wakio aliishi na baba yake kwenye nchi kavu, chini ya milima ya Taita. Mwaka huo mvua ilikataa kunyesha.

Nyasi zikakauka. Kijito kikakauka. Hata matope ya kijito yakakauka, yakapasuka vipande vipande.

Maji yalibaki mahali pamoja tu: kwenye birika la saruji la kunyweshea mbuzi. Baba aliyaleta kwa punda, kutoka mbali.

Wanyama wa porini walijua. Njiwa walikuja. Kanga walikuja. Kindi alikuja, mkia juu.

Lakini kuta za birika zilisimama wima, tena ziliteleza. Aliyetumbukia hakuweza kutoka.

Asubuhi moja Wakio alikuta njiwa amekufa majini. Mbuzi walinusa maji, wakageuka. Baba akayamwaga yote. Punda akarudi tena njiani, amechoka.

Kesho yake, kindi alikuwa ndani ya birika. Anazunguka, anazunguka, hoi. Wakio akamtoa kwa kikapu. Kindi akakaa juani, akitetemeka tetetete.

Baba akasema hakuna njia nyingine. Atalifunika birika kwa bati. Atafunua wakati wa kunywesha mbuzi tu.

Wakio akamtazama kindi.

"Baba, na hawa watakunywa wapi?"

Baba naye akamtazama kindi. Mwishowe akasema, "Haya, mwanangu. Nakupa mpaka jioni. Jioni nafunika."

Wakio akafikiri. Walihitaji njia ya kutokea.

Akaweka fimbo. Fimbo ikaelea, ikaenda zake.

Haikufaa. Wakio akapangusa mikono, akajaribu tena.

Akaegemeza ubao. Mbuzi wakaja, mee, mee, wakausukuma. Ubao ukaanguka, pwaa.

Haikufaa. Wakio akapangusa mikono, akajaribu tena.

Akatumbukiza jiwe. Chubwi! Jiwe likazama mpaka chini.

Haikufaa. Wakio akapangusa mikono. Lakini safari hii alisimama, akaliangalia lile jiwe ndani ya maji. Je, likipata lingine juu yake?

Akaenda kwenye kijito kikavu. Huko mawe yalikuwa tele. Akabeba jiwe. Chubwi! Akarudi, akabeba lingine. Chubwi!

Jua likawaka. Mikono ikamuuma. Baba akamwambia apumzike. Wakio akasema bado.

Chubwi! Chubwi!

Baba akamtazama kwa muda. Kisha akaenda naye kijitoni. Baba akabeba mawe makubwa. Wakio akabeba madogo.

Jua lilipoinama, mawe yalikuwa yamepanda kama ngazi, kutoka chini mpaka ukingoni. Nje wakapanga mengine, ya kupandia. Mbuzi wakaja wakasukuma. Mawe hayakusogea.

Wakajificha nyuma ya banda la punda, wakangoja.

Njiwa wakaja, wakanywa. Kanga akaja na vifaranga vyake. Wakapanda juu, mmoja mmoja.

Kifaranga mdogo kuliko wote akateleza. Chubwi!

Baba alitaka kukimbia. Wakio akamshika mkono.

"Ngoja, Baba."

Kifaranga akapigapiga mabawa. Mguu wake ukagusa jiwe. Akapanda. Akapanda tena. Akatoka nje, akajikung'uta, akamfuata mama yake mbio.

Wakio akashusha pumzi. Baba akacheka kidogo, akasema lile bati sasa ni la kuezekea banda la punda.

Jioni hiyo Wakio hakumaliza hata uji wake. Macho yalijifumba yenyewe. Baba akambeba mpaka kitandani, akamfunika shuka.

Nje, kwenye birika, kulikuwa na mnyama mdogo anakunywa. Nyap, nyap, nyap.

Mvua ilikuwa bado. Lakini usiku huo kila mwenye kiu alikunywa, akarudi kwake salama.