Skrini Iliyokesha Ikiwaka

Kila siku baada ya masomo, Malar alipitia zahanati ya Daktari Sivakami kumngoja baba yake. Mama aliuza sari dukani hadi jioni, na nyumbani hakukuwa na mtu. Kwa hiyo binti huyo wa miaka kumi na mitatu alifanyia kazi zake za shule kwenye benchi la zahanati, huku akitafuna dengu za nazi alizopewa na Bibi Pechi, mwanamke aliyefagia na kupiga deki zahanati nzima. Baba yake, Elango, ndiye aliyetunza mitambo yote: kompyuta, simu, jenereta, hata feni zilizopiga kelele kuliko wagonjwa.

Siku moja Malar alimkuta baba amepiga magoti mbele ya kabati la kompyuta, mikononi ameshika chuma kirefu chenye soketi nane.

"Njoo unishikie hapa, mwanangu. Leo tunafunga kigawa umeme kipya."

Malar alikishika huku baba akikaza skrubu kwenye nguzo ya kabati.

"Kwani si ekstensheni tu hii, baba? Kama ile ya nyumbani?"

Elango alicheka. "Ya nyumbani haina akili. Hii ina waya wake wa mtandao, unauona? Hata nikiwa sokoni naweza kuzima soketi moja kwa simu, nyingine zikabaki zinawaka."

Alichomeka vifaa kimoja kimoja, kisha akakaa kwenye kompyuta yake. Kwanza alibadilisha nywila iliyotoka nayo kiwandani, maana hiyo, alisema, kila mwizi anaijua. Halafu akaanza kuipa kila soketi jina, Malar akimsomea.

"Ya tano?"

"Skrini ya foleni," alijibu Malar. Ile skrini ya ukumbini ndiyo iliyowaonyesha wagonjwa nani anafuata kuingia kwa daktari.

"Hiyo tunaipangia saa. Izimwe jioni tukifunga, iwake asubuhi. Ya sita?"

"Kengele ya chanjo."

"Hiyo haizimwi kamwe."

Kengele ya chanjo ilikuwa kisanduku cheupe kilichopima joto la friji la chanjo za watoto. Betri za akiba zilizokuwa kabatini zilitosha vifaa vidogo kama hicho, lakini friji lilikuwa kubwa, zisingeliweza. Umeme wa mtaani ukikatika, kisanduku kilipiga yowe na kumtumia Elango ujumbe, naye akaja mbio kuwasha jenereta.

Walipomaliza, Elango alizima na kuwasha kila soketi, wakatazama kama kweli kinachozimika ndicho kilichoandikwa. Kisha akamgeukia binti yake.

"Kigawa hiki hakina macho, Malar. Hakioni nini kimechomekwa wapi. Kinaamini majina tuliyokipa. Mtu akihamisha plagi kimyakimya, atakuwa amekidanganya, nacho kitatudanganya sisi. Umenielewa?"

"Nimeelewa, baba."

Wiki chache baadaye ikafika sikukuu ya zana. Mji mzima wa Karaikudi ulikuwa ukisugua vyuma. Cherehani zilipakwa mafuta, baiskeli zilivishwa mashada, na migomba ilifungwa kwenye milango ya karakana. Siku hiyo zana hupumzika. Zikishasafishwa, zikapakwa msandali na alama nyekundu na kuombewa, hakuna anayezigusa tena mpaka kesho yake.

Zahanati nayo ilifungwa, ila wafanyakazi walikuja mchana kusafisha. Velan, mjukuu wa Bibi Pechi aliyesoma darasa moja na Malar, alikuja na bajaji ya mjomba wake iliyong'aa kama sahani mpya, imejaa maua mpaka dereva haonekani.

"Haya, tuonyeshe zana za baba yako," alisema Velan, akachungulia chumba cha kompyuta. "Mama yangu we! Hilo kabati lina vumbi la kupanda mpunga!"

"Vumbi liko machoni mwako," Malar alimjibu.

Lakini maneno yalimchoma. Velan alipotoka, Malar alichukua kitambaa. Baba alikuwa amemwambia apake alama mlangoni mwa kabati tu, ndani asiguse. Akafungua mlango. Kweli, vumbi lilikuwa limejibana katikati ya plagi. Alijaribu kupitisha kidole, hakikupita. Akachomoa plagi ya tano na ya sita, akafuta vizuri, mpaka chuma kikameremeta.

Ndipo alipozitazama plagi mkononi. Nyaya zote mbili nyeusi, plagi zote mbili nyeusi. Ipi ilikuwa ipi? Nyayo za baba zilisikika kwenye korido. Malar alizichomeka harakaharaka, taa za vifaa zikawaka, akafunga mlango na kuupaka alama nyekundu kwa kidole.

"Kabati limependeza!" alisema Elango. "Hukugusa ndani?"

"Hapana, baba."

Siku nyingine Elango angejaribu soketi zote. Siku hiyo zana zilikuwa zimelala, na kuziamsha kungekuwa kukosa adabu. Wakaomba, wakala bisi za mchele na ndizi, wakaenda nyumbani. Kigawa umeme hakijui sikukuu. Saa ya kufunga ya kila siku ilipofika, kilizima soketi ya tano kama kilivyoamriwa. Usiku umeme wa mtaa ule ukakatika kwa muda mrefu, na simu ya Elango haikulia.

Asubuhi Malar alipitia zahanati kuchukua daftari alilolisahau. Ukumbi ulijaa akina mama na watoto wachanga, na Daktari Sivakami alikuwa amesimama mbele ya friji, uso umemshuka.

"Chanjo zote zimepata joto," alimwambia Elango. "Siwezi kumdunga mtoto dawa nisiyoiamini. Kengele yako ilikuwa wapi?"

Elango aliinama kwenye kompyuta. "Kisanduku kinasema kilikosa umeme tangu jana jioni mpaka leo asubuhi. Lakini kigawa kinasema soketi ya sita haikuzimwa hata kidogo." Akakuna kichwa. "Basi kuna mkono wa mtu. Kuna mtu amechomoa, akarudisha asubuhi."

"Mwenye ufunguo wa asubuhi ni mmoja tu," alisema daktari.

Wote walimgeukia Bibi Pechi. Alikuwa ameshika ndoo.

"Mimi?" aliuliza. "Daktari, lile kabati mimi hata kivuli changu sikipitishi!"

"Labda ulichomeka simu yako upate chaji, mama. Sema tu," alisema daktari.

"Simu yangu naichaji nyumbani."

Malar alisimama mlangoni. Plagi ya tano na ya sita. Je, ni yeye? Lakini taa si ziliwaka zote? Alijiambia kwamba huenda ni jambo jingine kabisa, ila hakujiamini. Angesema, baba angejua kwamba alimdanganya. Akanyamaza. Akina mama walianza kuondoka. Mmoja alikuwa na mtoto mchanga kifuani na mwingine wa kumshika mkono, akasema kwa uchovu, "Nimebadilisha mabasi mawili mimi." Bibi Pechi naye alivua aproni yake. Daktari alikuwa amemwambia akae nyumbani kwanza, mpaka jambo lichunguzwe.

Alipompita Malar, alimshika kichwa. "Dengu zako ziko juu ya kabati la vikombe, mjukuu wangu. Uzile, zisije zikachacha."

Malar alitamani ardhi ipasuke immeze.

Darasani siku hiyo hakusikia hata neno moja la mwalimu. Saa ya mapumziko Velan hakuwa na utani. Alikaa peke yake ukutani.

"Bibi amerudi analia," alisema Velan, Malar alipomkaribia. "Miaka yote ile hajawahi kuchukua hata kijiko. Leo wanasema ameua chanjo za watoto. Majirani wameshaanza kuulizana." Akamtazama. "Wewe huwa uko pale kila siku. Hukuona mtu?"

Neno lilimfika Malar mdomoni, likarudi. "Sikuona mtu," alisema. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Sasa alikuwa ameshadanganya mara mbili, na uongo wa pili ulikuwa mzito kuliko wa kwanza, kwa sababu Velan aliuamini.

Jioni alikwenda zahanati kama kawaida. Chanjo mpya zilikuwa zimeletwa kutoka hospitali ya wilaya na kupangwa kwenye friji. Elango alikuwa amekagua kisanduku cha kengele mchana kutwa, na mchana kutwa kilikuwa kimewaka vizuri. Dengu zilikuwa palepale juu ya kabati. Malar hakuweza kuzigusa.

Muda wa kufunga ulifika. Elango alizima taa za ukumbi, akaanza kufunga madirisha. Malar alijitwika mkoba wake. Alipofika mlangoni aliona ukumbi una mwanga wa buluu. Ilikuwa skrini ya foleni. Ilipaswa kuwa imezimika, lakini iliwaka tu, ikilionyesha benchi tupu namba ya mgonjwa wa mwisho.

Malar alielewa yote kwa mara moja. Kama skrini haikuzimika, basi kilichozimika ni kitu kingine. Siku ya sikukuu alikuwa amezibadilisha plagi. Jana kengele ilizimwa kwa mkono wake yeye, na sasa hivi, ndani ya kabati, ilikuwa imezimwa tena. Chanjo mpya zilikuwa ndani ya friji. Umeme ukikatika tena usiku, kesho wale akina mama watarudishwa tena.

"Twende, mwanangu, mama anatungoja," alisema Elango, ufunguo mkononi.

Malar alisimama. Alimfikiria Bibi Pechi akivua aproni. Akapiga moyo konde.

"Baba, usifunge. Kengele imezimika. Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Nilifungua kabati siku ya sikukuu. Nilichomoa plagi nifute vumbi, nikazirudisha sikujua ipi ni ipi. Uliponiuliza nikasema sikugusa. Bibi Pechi hana kosa, baba. Ni mimi." Machozi yalimtoka, akayaacha yatiririke.

Elango alikwenda chumba cha kompyuta, akafungua kabati. Kisanduku cheupe kilikuwa giza. Alibadilisha plagi mbili zile. Kule ukumbini skrini ikazimika, na humu taa ya kijani ya kengele ikawaka. Akajaribu soketi zote nane, moja baada ya nyingine, na alipomaliza alikaa chini sakafuni.

"Baba, utanipiga?"

"Afadhali ningekupiga, ingekwisha upesi," alisema kwa sauti ya chini. "Vaa viatu. Tunakwenda kwa Bibi Pechi, na njiani tunampitia daktari."

Nyumba ya Bibi Pechi ilikuwa nyuma ya kiwanda cha vigae. Alikuwa akichagua mchele barazani, Velan kando yake. Alipomwona daktari aliinuka haraka, akijifunika bega, kana kwamba amekuja kumshtaki tena. Malar alisimama mbele yake, akasema yote, tangu kitambaa mpaka neno alilomwambia Velan asubuhi. Velan alimtazama, kisha akatazama pembeni, na hilo lilimuuma Malar kuliko tusi.

"Mama Pechi, nisamehe," alisema Daktari Sivakami. "Nilikuhukumu bila ushahidi, mbele ya watu. Kesho nitasema ukweli mbele ya watu haohao."

"Na mimi unisamehe," alisema Elango. "Niliuliza mashine, sikukuuliza wewe. Na kabati lile nililiacha bila kufuli."

Bibi Pechi aliweka ungo chini. Alimgeukia Malar.

"Kuchomoa plagi, hayo ni ya watoto," alisema. "Ungesema palepale, baba yako angekuzaba maneno mawili, akarekebisha, tukala bisi zetu. Lakini ulinyamaza. Ulinitazama nikivua aproni, ukanyamaza. Hilo ndilo limeniuma, mjukuu wangu. Kosa ukilisema mapema linabaki kosa lako peke yako. Ukilificha, linatafuta mtu mwingine wa kulibeba, na leo lilinikuta mimi."

"Nisamehe, bibi."

"Nimekusamehe. Lakini bado nimeumia, na sitakuficha hilo. Kesho uje mapema."

Kesho yake haikuwa siku ya shule. Malar alifika zahanati kabla ya mlango kufunguliwa. Daktari alisema ukweli ukumbini mbele ya wote, na Bibi Pechi akafunga aproni yake. Hakuna aliyemwagiza Malar kufanya jambo lolote, lakini alipomwona yule mama wa mabasi mawili akiingia, mtoto kifuani na mwingine mkononi, alimwendea.

"Mama, jana ulirudishwa kwa sababu yangu," alisema. Aibu ilimpanda mpaka shingoni, lakini safari hii hakukimbia. "Niliharibu kengele ya friji, nikaficha. Nisamehe."

Yule mama alimtazama kwa mshangao. Kisha akamkabidhi yule mtoto mkubwa. "Haya, basi nishikie huyu wakati mdogo anadungwa. Anapenda kukimbia."

Malar alimshika mkono kwa nguvu, akaketi naye benchini chini ya skrini. Baada ya muda Bibi Pechi alipita na ndoo yake, akasimama, akatoa kifurushi cha dengu kwenye aproni na kukiweka katikati yao.

"Mgawie na mtoto," alisema, akaendelea kupiga deki.