Barua Zilizokuwa Kwenye Friza

Kila Alhamisi sisi wanawake wa kanisa hukutana kwenye ukumbi wa chini kutengeneza perohe. Ni vimifuko vya unga tunavyovijaza viazi na jibini, tunavifunga kwa vidole, tunavichemsha na kuviuza. Hivyo ndivyo kanisa letu linavyopata pesa za kupashia moto wakati wa baridi, na baridi ya huku Manitoba haina mchezo.

Mkuu wa jiko ni Pauline. Pauline hajawahi kuchoka, hajawahi kuumwa, hajawahi kukosea. Ukimuuliza, atakwambia hivyo mwenyewe. Mimi Marusia kazi yangu ni kukanda unga na kusema sana. Vidole vyepesi kuliko vyetu sote vilikuwa vya Verna Bodnar, jirani yangu wa miaka thelathini.

Lakini Verna alikuwa amekosa Alhamisi tano. Nikimpigia simu ananiambia, "Hatujambo, shoga. Mambo tu ni mengi." Nami, mjinga, naridhika. Ndivyo tulivyolelewa huku. Mtu akivunjika mguu, atakwambia hajambo.

Mumewe, Orest, alikuwa fundi wa matrekta. Miaka sita iliyopita alishikwa na ugonjwa wa kutetemeka. Mikono haitulii, na miguu inagoma katikati ya chumba. Verna naye ana mgongo mbovu, hawezi kumnyanyua. Kwa hiyo kila asubuhi serikali humtuma msaidizi kwa saa mbili, amtoe Orest kitandani na kumwogesha.

Alhamisi hiyo ya tano perohe zilipungua.

"Verna huwa na akiba kwenye friza yake," alisema Pauline. "Marusia, nenda. Na usikae huko kupiga soga."

Nilimkuta Verna akimvalisha Orest viatu. "Ngoja, nakuja," akasema. Mimi si mtu wa kungoja. Friza yake naijua kuliko yangu, nikashuka zangu chini.

Nikainua mfuko wa kwanza wa perohe, kisha wa pili. Chini yake kulikuwa na barua. Zilifungwa ndani ya mifuko ya mkate, mfuko juu ya mfuko, zimekakamaa kwa barafu. Hata moja haikuwa imefunguliwa.

"Usiziguse," Verna alisema kutoka kwenye ngazi.

"Shoga, hizi ni nini?"

"Si unaona? Barua."

"Kwenye friza?"

Akakaa pale pale kwenye ngazi. "Mezani zilikuwa zinaniangalia. Nikazitia kwenye droo, nikawa naogopa kufungua droo. Huku chini zimenyamaza."

Nilikaribia kucheka. Kisha nikaona alivyokumbatia magoti yake.

"Nikishika bahasha kifua kinabana," alisema. "Nasoma mstari mmoja mara nne, sielewi. Nikishamlisha mzee, nikampa dawa, nikafua, sina akili iliyobaki. Nasema nitafungua kesho. Kesho inakuja na nyingine."

Nilimwomba nifungue moja tu, ile ya juu. Alifikiri sana, akaitikia kwa kichwa.

Ilitoka ofisi ya wasaidizi wa nyumbani. Walisema wamesoma fomu aliyoijaza Verna mwezi wa nane, ile aliyoletewa na msaidizi. Fomu inaonyesha Bwana Bodnar anavaa, anakula na kutembea mwenyewe. Basi mwisho wa mwezi msaidizi hatakuja tena. Kama hawakubaliani, waseme kabla ya tarehe thelathini. Siku hiyo ilikuwa tarehe kumi na tisa.

"Msaidizi akiondoka, Orest atapelekwa kwenye nyumba ya wazee," alisema Verna. "Daktari alishaniambia. Yenye nafasi iko mwendo wa saa mbili, na mimi siendeshi gari kwenye barafu. Miaka arobaini na moja ya ndoa, Marusia. Mimi sijui kulala bila kusikia anavyokoroma."

Hasira zangu ziko karibu. Nilipanda juu nikaipigia simu ile ofisi saa ile ile. Kijana aliyepokea akaniuliza, "Wewe ni nani wake?"

"Jirani yake."

"Samahani, mama. Mambo ya mtu siwezi kumwambia jirani."

Nikamwambia ninavyomfikiria. Haikusaidia kitu. Lakini alinivumilia, akasema, "Mtafutieni mtu wa kukaa naye, wazisome barua pamoja. Ulizeni maktaba."

Ijumaa asubuhi nilikuwa maktaba. Nyuma ya magazeti kuna meza, na hapo hukaa Rhonda Desjarlais, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Kazi yake ni kuwasaidia watu waliolemewa na makaratasi, na hatozi kitu. Miaka yote hiyo napita pale kuazima vitabu vya mapishi, nikidhani anaandikisha watu wa darasa la kushona.

Alikuja kwa Verna mchana ule ule. Alivua buti mlangoni, akatoa ndara zake mkobani, akaomba chai. Barua hakuzigusa.

"Mama Verna, leo hatufungui zote," alisema. "Tutafungua kwa dakika ishirini, halafu tunapumzika. Wewe ndiye utakayefungua. Mimi nitakaa hapa."

"Utakaa tu?"

"Nitakaa tu. Kukaa ndiko kazi yenyewe."

Moyoni nikasema, huyu naye analipwa kwa kukaa. Lakini ngojeni.

Verna alizitandaza barua juu ya mataulo, karibu na jiko. Barafu ikayeyuka, gundi ikalainika, na vifuniko vya bahasha vikaanza kuinuka vyenyewe. Orest, kwenye kiti chake, akatazama meza nzima.

"Kumbe ndizo hizo?" alisema. "Mimi nilijua umenificha samaki huko kwenye friza."

Verna akacheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake kilivyo.

Rhonda aliweka masanduku matatu ya viatu mezani: ya kutupa, ya kutunza, ya kujibu. Verna akishika barua, Rhonda anauliza, "Inatoka wapi? Inataka nini? Lini?" Basi, maswali hayo tu. Saa ya kuchemshia mayai ikilia, tunakunywa chai. Tulikunywa chai mara nne.

Zilikuwa barua themanini na tatu. Nyingi zilikuwa matangazo. Kumi na moja zilikuwa barua moja, imetumwa tena na tena. Za kujibu zilikuwa nne.

Verna akazishika zile nne kwa mkono mmoja. "Ndizo hizi tu?"

"Ndizo hizo tu."

"Nimeziogopa mwaka mzima."

Nami nilikodoa macho. Mlima wote ule, na sasa ungeingia kwenye mfuko wa aproni.

Kisha wakapiga simu. Rhonda alimwandikia Verna sentensi tatu kwenye karatasi, akaiweka simu katikati ya meza sote tusikie. Verna alisoma kwa sauti iliyokwama: anaitwa nani, hakubaliani na uamuzi, anaomba uangaliwe upya. Akaongeza kwamba anaruhusu Rhonda azungumze kwa niaba yao. Orest naye akasema ndiyo. Kumbe jambo lenyewe lilikuwa hilo. Mimi nilipiga kelele bila ruhusa ya mtu. Ofisi ikasema wapeleke maelezo na barua ya daktari kabla ya tarehe thelathini, na msaidizi ataendelea kuja hadi uamuzi utoke.

Rhonda akaishika nakala ya ile fomu, iliyokuja pamoja na barua ya ofisi. "Anaweza kuvaa? Mmejibu ndiyo. Anaweza kula? Ndiyo. Kutembea? Ndiyo."

"Si naweza," alisema Orest.

"Mzee, unavaaje?"

"Kama watu."

Rhonda hakubishana. Alinipa daftari. "Mama Marusia, Jumatatu njoo mapema, msaidizi akishaondoka. Andika kila anachofanya Mama Verna. Usichague. Kila kitu."

"Nitaandika nini mpaka jioni? Mimi huwa nawaona kila siku."

"Njoo na kalamu mbili," alisema.

Jumatatu nikaja. Nilikuwa siwaoni, jamani. Miaka thelathini ukuta kwa ukuta, na nilikuwa sioni kitu.

Orest anavaa shati. Verna amesimama nyuma yake akizungumza habari za theluji, na wakati huo vidole vyake vinafunga vifungo, kumi na kimoja. Kikombe cha Orest kinajazwa nusu, kisimwagike. Mkate unakatwa kabla hajauliza. Akiinuka, mkono wa Verna uko nyuma ya mgongo wake, haumgusi. Mlangoni mguu wa Orest uligoma. Verna akatanguliza mguu wake mbele ya ule wa mumewe, bila neno. Orest akauvuka kama mtu anayevuka gogo, akaendelea na hadithi yake ya trekta. Walifanya hivyo mara kumi na nane siku hiyo. Hawakuangalia chini hata mara moja.

Mimi ni mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo maneno yote yaliingia kwenye daftari. Kalamu ya kwanza iliisha kabla ya chakula cha mchana. Nilijaza kurasa kumi na saba.

Jumanne Rhonda alizisoma zote kwa sauti, polepole. Orest alisikiliza. Rhonda alipofika kwenye vifungo, Orest akainamisha kichwa akalitazama shati lake. Alipofika kwenye mguu, akamtazama mkewe.

"Haya yote ni wewe?"

"Nani mwingine?" Verna alisema.

"Mimi nilidhani ni mimi."

Orest akaigeukia meza. Alikuwa mtu aliyeweza kushusha injini peke yake, na neno alilolitamka sasa sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

"Rhonda, andika," alisema. "Andika siwezi."

"Hayo ndiyo wanayohitaji kujua, Mzee," Rhonda alisema. "Fomu haiulizi kama wewe ni mwanamume hodari. Inauliza siku yako mbaya ikoje, na nani anakusaidia. Ukiijibu kama salamu, watakujibu kama wamesalimiwa."

Wakaijaza fomu upya, pamoja. Barua ya daktari ikaambatishwa, na bahasha ikaenda posta tarehe ishirini na sita.

Wiki ya tano jibu likaja. Siku hiyo nilikuwa kwao. Verna aliichukua bahasha akasimama nayo. Nikaangalia mlango wa ngazi ya chini. Yeye akavuta kiti, akachukua kisu cha siagi, akaifungua mwenyewe. Aliisoma mara moja tu.

"Mzee," alisema, "utaendelea kunikoromea."

Msaidizi hataondoka. Na tena wameongeza saa nne, kila Alhamisi mchana, Verna apate kutoka.

Alhamisi iliyofuata alishuka ngazi za ukumbi wa kanisa. Pauline alikuwa ameinama juu ya sufuria.

"Verna, hujambo?" aliuliza bila kugeuka, kama sote tunavyouliza.

"Nimechoka," alisema Verna. "Nimechoka mwaka mzima. Nipeni kiti."

Mikono yote ilisimama kwenye unga. Katika ukumbi ule, miaka yote hiyo, hakuna aliyewahi kujibu hivyo. Mtu akamletea kiti. Verna akakaa, akaanza kufunga perohe, vidole vyepesi vile vile, akatusimulia habari za friza mwanzo hadi mwisho.

Tulipokuwa tunaosha vyombo, Pauline alikuja akasimama kando yake, akasuguasugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

"Zangu ziko ndani ya oveni," alisema kwa sauti ya chini. "Tangu Pasaka sijaoka."

Verna akajifuta mikono. "Kesho Rhonda yuko maktaba," alisema. "Nitakupitia saa nne. Zilete zote."