Mkate wa Toader

Jioni hiyo Pintilie alikuwa amebakiza nyumba moja tu. Kwapani alibana daftari la wanaounga mkono serikali mpya, mfukoni alikuwa na wino wa kupakia dole gumba, na kichwani kofia ya manyoya aliyorudi nayo kutoka Urusi. Kijiji kizima cha Râpeni kilikuwa kimeshatia dole. Aliyebaki ni Casandra, mama yake Toader. Tangu arudi kutoka kambi ya mateka wa vita, Pintilie alikuwa akilikwepa lango lile.

Akabisha.

"Ingia, mwanangu. Nilikuwa nakungoja."

Mezani kulikuwa na mshumaa, mkate mzima, bakuli la maharagwe na kijiko kipya cha mti. Ilikuwa Jumamosi ya Wafu. Siku hiyo kila mwenye marehemu hugawa chakula kwa jina lake, na anayepokea humwombea. Akishaomba, chakula kile ni cha marehemu, kinamfikia huko aliko. Pintilie alikuwa ameisahau siku yenyewe. Kambini mwalimu wa siasa aliwafundisha miezi minane kwamba hakuna Mungu wala roho, mtu akifa ameoza basi. Naye alikuwa mwanafunzi hodari, hasa alipoona kwamba wanafunzi hodari huongezwa supu.

"Tia dole hapa, shangazi, niende zangu."

"Nitatia. Kula kwanza. Ni kwa roho ya Toader."

Mkono wa Pintilie ukasita.

Walitekwa pamoja, yeye na Toader, kwenye theluji ya mto Don, huko Urusi. Waliokubali kuasi jeshi lao na kupigana upande wa waliowateka walipewa mkate kamili. Katika banda lao watu kumi na tisa walikataa, Toader mmojawapo. Alisema ameshaapa mara moja mbele ya msalaba, inatosha. Mwalimu akamkabidhi Pintilie mgao wa wakaidi wote, akamwambia awalainishe. Siku kumi na moja Pintilie aliupitisha mkate wa Toader chini ya pua yake, akamwuliza kama amebadili mawazo, kisha akaula mwenyewe mbele yake. Siku ya kumi na mbili hakukuwa na wa kumwuliza. Na wale kumi na wanane aliwafanyia vivyo hivyo, mmoja mmoja. Unyama mtupu. Kijijini alisema Toader alipigwa risasi vitani, wala hakuteseka.

Lakini alilitaka dole lile. Tena ulikuwa mwaka wa ukame, na maharagwe yalinukia. Akapokea kwa mikono miwili, na maneno aliyofundishwa na mama yake yakamtoka yenyewe.

"Mungu amsamehe."

Casandra akashusha pumzi.

Pintilie akala. Nusu ya mkate ikaenda, kisha mkate wote, kisha bakuli. Tumbo likabaki tupu. Utupu ule aliujua vizuri... Ghafla chumba kikanuka nguo za sufu zilizolowa, na chokaa, na vidonda, kama banda la kambini. Benchi alilokalia likalia, kana kwamba mtu amekaa upande wa pili.

Kuna aliyekuwa anatafuna.

Pintilie akafunga mdomo. Kutafuna kukaendelea.

"Shangazi," alinong'ona, "nani yupo hapa?"

"Miaka mitatu ananijia usingizini, analia njaa," Casandra alisema. "Nimegawa kwa maskini, nimegawa kwa vipofu. Hakimfikii. Juzi nikamwuliza, nikupe kwa mkono wa nani? Akasema, mkate wangu anao Pintilie."

"Nitatapika... Chukua, sikitaki."

"Ulipokea kwa mikono miwili, mwanangu. Na dua ukaomba."

Alikimbia bila daftari.

Tangu jioni hiyo alikula asishibe. Mkewe alisonga ugali wa mahindi sufuria nzima, yeye akaumaliza, na bado akakonda, mkanda ukazidi kuhitaji matundu mapya. Daktari wa mjini hakuona mnyoo wala homa. Mwishowe mkewe akarudi kwao. Alisema anaweza kuvumilia mume mlafi, ila si kusikia midomo miwili ikitafuna kwenye mdomo mmoja.

Siku chache kabla ya Krismasi, jua likizama, Pintilie alijikokota hadi kwa Casandra. Hakuwa na kofia. Miguu yake ilikuwa mifupa iliyovaa suruali. Akapiga magoti kizingitini, akaungama yote, mkate kwa mkate, siku kwa siku. Casandra alisikiliza bila kumkatiza. Uso wake haukuwa na huruma hata chembe.

"Alikuja jana," akasema. "Mashavu yamejaa. Ameniambia ameshiba."

Pintilie akalia kwa furaha. "Basi yameisha, shangazi?"

"Yake yameisha."

Akaweka bakuli mezani. Akaweka la pili. La tatu...

"Ila amekuja na wenzake. Kumi na wanane. Mama zao hawakujui, Pintilie, hawana wa kuwapelekea wana wao chakula. Nitajie majina. Tuanze na yupi?"

Nje, kwenye theluji, kijiko kikakwaruza mkebe wa bati.

Kisha kingine.

Kisha vingi.

Pintilie alifungua mdomo akatae. Harufu ya maharagwe ikamfikia. Akataja jina la kwanza, akanyoosha mikono yote miwili.