Ajira Hewa za Mashimoni

Jumatatu, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Nekoye alipiga simu ya kwanza ya siku hiyo. Ofisi ya utafiti ilikuwa juu ya duka la mbao huko Kawangware, na kazi yake ilikuwa kuwapigia baadhi ya waliohojiwa Kibera na Kawangware kuhusu kazi ili kuhakikisha majibu yao.

"Mama Nereah, hapa imeandikwa umeajiriwa, siku sita kwa wiki. Ni kweli?"

Upande wa pili kikasikika kicheko kikavu. "Ni nani ameniajiri na hajaniambia? Mimi ni mama fua, nafulia watu nguo. Wiki iliyopita nilipata kibarua siku moja tu."

Nekoye akawapigia wanawake wengine kumi na mmoja wa Mashimoni, kijiji cha Nereah huko Kibera. Wanane wakashangaa vilevile. Pamoja na Nereah, wote tisa walikuwa wamepitia mafunzo ya usafi wa hoteli miaka miwili iliyopita, na wote waliandikiwa kwamba huanza kazi saa mbili asubuhi. Watatu ambao majibu yao yalikuwa sahihi hawakuwahi kufunzwa.

Ripoti ilikuwa iwasilishwe Ijumaa. Mashimoni ikionekana imejaa watu wenye ajira, mradi mpya wa kazi ungepelekwa kwingine.

Saa saba mchana alikuwa Kibera, mlangoni kwa Nereah.

"Nani alikuja kukuhoji?"

"Kijana anaitwa Obiero. Alikaa hapa mpaka maharagwe yakaiva. Nilimwambia sina kazi, akaandika nikiona."

Aliporudi ofisini alimkuta Jael, mtunza takwimu, akafungua naye kumbukumbu za kompyuta. Majibu tisa yalikuwa yamebadilishwa Jumamosi, saa kumi jioni, kwenye kompyuta ya ofisi hiyo hiyo, kwa nywila ya Obiero.

"Funguo za ofisi ziko kwa nani?"

"Kwangu na kwa Waithaka." Waithaka ndiye aliyekuwa msimamizi wao. Jael akakunja uso. "Usiniangalie hivyo. Jumamosi mimi huwa kanisani tangu asubuhi hadi jua litue. Uliza kwaya nzima."

Nekoye aliuliza. Ilikuwa kweli.

Obiero alipoitwa aliwaka kwa hasira. "Madam, unadhani nimepika data?"

"Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Siaya. Tulikuwa tunazika mjomba." Akatoa simu. Kwenye picha alikuwa kando ya kaburi, amebeba koleo, na tarehe ilikuwa ya Jumamosi.

"Nywila yako, nani mwingine anaijua?"

Obiero akafikiri. "Waithaka. Tableti yangu ya kuandikia majibu iligoma mwezi uliopita, nikampa nywila anisaidie kuifungua."

Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi, Nekoye aliziweka karatasi za majibu yale tisa mbele ya Waithaka. Huyu ndiye aliyempa kazi.

"Huyo Obiero ni mvivu," Waithaka akasema. "Amejaza majibu akiwa kwao, bila kuhoji mtu."

"Alihoji vizuri. Majibu yalibadilishwa baadaye." Nekoye akavuta kiti. "Bosi, mama fua hutoka nyumbani saa ngapi?"

"Si huanza kazi saa mbili, kama watu wote?"

"Mimi nimewafulia watu nguo miaka minne. Saa kumi na mbili na nusu uko nje ya geti tayari, unasubiri kuitwa. Ukifika saa mbili, utakuta wenzako wamechukuliwa. Obiero anajua, aliwauliza. Aliyebadilisha hajawahi kuuliza. Na aligusa majibu ya wale waliofunzwa tu. Miaka miwili iliyopita, ripoti ya kusifu mafunzo yale iliandikwa na nani?"

Waithaka akavua miwani, akaifuta.

"Na mimi," akasema. "Niliahidi kwamba watapata kazi. Nilipoona 'sina kazi, sina kazi', jina baada ya jina, nikaona miaka yangu yote imekuwa bure. Nikaogopa."

"Uliyasoma majibu ya Kawangware?"

"Sikuweza kuendelea."

Nekoye akamsogezea karatasi nyingine. Wanawake wa Kawangware walipata mafunzo yaleyale, lakini wao walijiunga kikundi na kutafuta kazi pamoja. Wengi wao walikuwa na kazi ya kudumu. Waliokosa ni wale waliohangaika kila mmoja kivyake.

"Mafunzo hayakuwa bure," akamwambia. "Yalipungukiwa kitu, na wewe ulitaka kuficha pengo hilo."

Waithaka alizisoma karatasi zote bila kuinua kichwa. Adhuhuri yeye mwenyewe alimpigia simu mtafiti mkuu, akaeleza yote, akarudisha ufunguo wa ofisi. Kabla hajashuka ngazi alimwomba Obiero msamaha mbele ya kila mtu.

Ijumaa ripoti ilienda na majibu ya kweli, na Mashimoni ikaingizwa kwenye mradi. Jumapili iliyofuata Nekoye akafanya jambo ambalo watafiti hawakuwa na desturi ya kulifanya: aliwasomea wanawake wenyewe matokeo hayo, kwenye uwanja wa kioski cha maji.

"Hao wa Kawangware," Nereah akauliza, "wanaweza kuja kutuonyesha vile walifanya?"

Wakaja wanne. Wakabishana, wakachekana, wakaandika katiba ya kikundi kwenye daftari la shule. Kufikia Agosti, Nereah na majirani zake saba walikuwa wamepewa kandarasi ya kusafisha hosteli ya wanafunzi, na tayari walikuwa wanatafuta mwenzao wa tisa.