Maikrofoni ya Mlangoni

Fundi aliitegea amplifaya ya marehemu mkewe maikrofoni tatu, kama walivyozoea wawili hao enzi zao: moja puani mwa spika, ya pili katikati ya chumba, ya tatu mlangoni, kando ya kigoda alichopenda kukalia mama huyo, akiimba chini chini na kuharibu rekodi za watu. Binti yao akapiga gitaa, baba akarekodi. Mambo yalikwenda vizuri, ila chumba kilinuka udongo mbichi, na mvua haikuwapo.

Walipomaliza, Fundi akavaa hedifoni, akaisikiliza ile ya mlangoni peke yake. Nyuma ya gitaa, mtu alikuwa akiimba chini chini.

"Baba, mbona unalia?"

Akampa hedifoni. Binti akaziba mdomo. "Haki ya Mungu, ni mama!"

Kwa mazoea ya kazi tu, Fundi akafungua ya katikati, kisha ya puani mwa spika. Sauti ya mtu huwa na mahali ilipo: maikrofoni iliyo karibu huipata kwanza, ya mbali huipata baadaye, imefifia. Hii ilifika kote papo hapo, kwa nguvu ile ile, kana kwamba mwimbaji hakuwa popote, au alikuwa kila mahali, mlangoni, kwenye spika, hata hapo nyuma ya kiti chake, ambapo shingo ilianza kumsisimka na hakuthubutu kugeuka.

"Mwanangu," akanong'ona, "huyu si mama yako."

Kesho yake mchana mganga akaja, akasoma dua mpaka jasho likamtoka. "Amevaa sauti ya mkeo. Nitamtoa. Ila akikuita, usiitikie. Ukiitika umemkaribisha, na mimi simuwezi tena."

Kwa agizo lake, Fundi akang'oa waya wa umeme ukutani. Taa ya amplifaya ikazimika, harufu ikaanza kupungua, na wimbo ukatoka kwenye spika isiyo na umeme, ukasogea sakafuni taratibu, ukawapita, ukafika mlangoni, ukatulia. Safari hii ulikuwa na mahali. Kutoka kigodani sauti ikamwita kwa jina ambalo mkewe alilitumia wakiwa wawili tu, polepole, kama mtu anayeogopa kuachwa.

"Baba, nyamaza," binti akamsihi, amemng'ang'ania mkono. "Nakuomba, baba."

Alijua si yeye. Alijua kuliko hata mganga. Lakini tangu amzike hakuna aliyemwita hivyo, na moyo ulimshinda.

"Naam, mke wangu," akaitika.

Taa ya amplifaya ikawaka. Waya bado alikuwa ameushika mkononi.