Kazi ya Térence Haijaisha

Khadidja, jirani yetu wa mtaa wa Buyenzi, hakuwa mtu wa kuogopa mashetani. Alichoogopa ni wezi wa mtandaoni. Alikuwa ameajiriwa na kliniki moja ya mtaa wa Kinanira kutunza seva yao ya Linux, kompyuta kuu yenye faili za wagonjwa wote, na mfumo wake haukuwa umesasishwa tangu afariki Térence, fundi aliyemtangulia. Matundu ya usalama yalikuwa wazi kama nyumba isiyo na milango. Mkurugenzi, Docteur Claude, alishamwambia: faili zikiibiwa, kazi huna.

Asubuhi moja alikaa kwenye meza ya seva na chai yake, akaagiza masasisho. Mashine ikakataa. Ilisema kuna kazi nyingine ya kusasisha bado inaendelea, imefunguliwa na Térence.

Khadidja akaizima kazi ile. Ikarudi. Akaiwasha seva upya. Ikarudi tena, na tarehe ileile: Alhamisi moja ya mwezi wa pili, siku ambayo Térence alikutwa ameilalia meza hiyohiyo, moyo umesimama. Tangu hapo umeme ulikuwa umekatika mara nyingi mno, na mashine ikizimika, kazi zake zote hufa nayo. Hii haikufa.

Akapanda ofisini kwa mkurugenzi, amekunja uso.

"Docteur, acha nifute compte ya Térence, akaunti yake yote."

"Apana, dada. Bado hatujaganduka." Alimaanisha matanga hayajaondolewa, na ilikuwa imebaki miezi. "Kazi ya marehemu hatugusake mbele ya kuganduka. Famille yake itasema nini?"

"Na wezi? Wao watangoja matanga?"

"We fanya mise à jour tu, hayo masasisho yako. Lakini compte usiguse."

Alishuka ngazi akisonya. Afanye, asiguse. Amalize, asianze. Hasira zilimpanda hadi akaona afadhali lawama za familia kuliko upuuzi huu. Akafunga mlango, akaifungua skrini ya Térence mwenyewe. Ilitaka neno la siri.

Hakulijua. Akaondoa mikono mezani, akawaza.

Ndipo akasikia vitufe vikibonyezwa.

Nyuma yake. Juu ya kabati. Huko kulikuwa na kibodi kuukuu ya Térence, imejaa vumbi, waya wake unaning'inia bila kuchomekwa popote. Alitaka kugeuka, shingo ikagoma. Vitufe viliendelea polepole, kama mtu anayejaribu kukumbuka. Kisha kimya.

Skrini ikafunguka. Kulikuwa na swali moja tu, lililongoja jibu tangu Alhamisi ile: niendelee, ndiyo au hapana?

"Térence," alinong'ona, "mi nataka kumaliza tu."

Akabonyeza ndiyo.

Masasisho yakashuka hadi la mwisho. Kazi ya Térence ikatoweka. Seva ikawaka upya, matundu yote yamezibwa. Khadidja alitoka hadi uani, akalia kwa furaha. Kibodi ile aliitupa jalalani siku hiyohiyo.

Jumatatu iliyofuata aliagiza masasisho mapya. Mashine ikakataa. Kuna kazi nyingine inaendelea.

Imefunguliwa na Khadidja.

Akasoma tarehe. Alhamisi. Akaisoma tena, maana Alhamisi hiyo ilikuwa haijafika.

"Saa ya mashine imekosea," alisema Docteur Claude bila kuinua macho. "We fanya mise à jour tu."

Saa haikukosea. Alishaitazama. Aliomba ruhusa ya kubaki nyumbani Alhamisi, akanyimwa, kwa kuwa siku hiyo wakaguzi wanakuja na fundi hawezi kukosekana.

Leo ni Jumatano. Amepita hapa akitoka kazini, hakusonya, hakulalamika, na hilo ndilo lililotutisha. Anasema asubuhi alifungua chumba cha seva akakuta meza tupu. Kibodi yake, aliyoitumia jana jioni, ilikuwa juu ya kabati. Waya unaning'inia. Na ilikuwa na vumbi la miezi.