Ukiulizwa, Sema Nipo Leicester

Asubuhi ile ya Ijumaa, jamaa zangu, nyumba ya Mwanakhamis ilikuwa na raha yake. Ni nyumba ya matofali mekundu iliyobanana na wenzake, nyuma ya Ladypool Road hapo Sparkbrook, Birmingham, na mwaka ulikuwa 2006. Jikoni palinukia iliki na maandazi. Binti yake Nasreen, wa miaka tisa, alikuwa akichovya andazi kwenye chai, na mumewe Vuai alikuwa sebuleni akipanga mkoba wa mgongoni huku akiimba chini kwa chini.

Mapazia tu ndiyo yaliyokuwa yamefungwa. Jua la Aprili lilikuwa limetoka, jambo lisilo la kila siku Birmingham, na Vuai kalifungia nje ili jirani yao Paramjit asiuone ule mkoba.

"Sasa mama Nasreen," alisema, "mie nakwenda Spain, narudi Jumatatu. Ukiulizwa, sema nipo Leicester, nimekwenda msibani."

"Msiba wa nani?"

"Wa yeyote. Watu wa Leicester hawaishi kufa."

Mwanakhamis alicheka. Angejua, asingecheka.

Vuai alikuwa mtu wa Makunduchi, fundi mashine katika kiwanda cha vipuri vya magari, na alikuwa na penzi moja ambalo wenzetu wengi walilishangaa. Alipenda milima. Alikozaliwa hakuna hata kilima cha kumtoa mtu jasho, lakini mwenzake wa kazini, Ranjit, alimchukua siku moja hadi Wales, na tangu hapo mtu akawa hasikii wala haoni. Wenzake Jumapili wanatazama mpira, yeye yuko juu ya jabali kwenye mvua. Mwaka huo alikuwa amesikia habari za Mulhasen, kilele kirefu cha Sierra Nevada, kusini mwa Spain. Wenyeji husema kimepewa jina la mfalme wa Kiislamu wa Granada, na kwamba alizikwa huko juu. Jambo hilo lilimkaa Vuai moyoni. Alitaka kusali rakaa mbili kileleni, kisha arudi nyumbani. Mimi simlaumu mtu kwa kupenda milima.

Ubaya ulikuwa mwingine. Safari moja ya nyuma alikwenda Scotland, akaitangaza ukumbini kwenye karamu ya Idi, mbele za watu. Akarudi na mkono umevunjika. Nani kauvunja? Macho ya watu! Vuai alilishika hilo, na mashangazi wote wakamuunga mkono wakimwambia, ulisema kwa nini? Hakuna aliyezitaja raba alizovaa, zilizolika nyayo zikawa laini kama sahani. Tangu hapo nyumba ile ikawa na sheria. Safari haitajwi, gari jipya halitajwi, hata mimba ya Mwanakhamis haikutajwa ilipoingia, na ilipoharibika akailia peke yake chumbani kwa sababu hakuna aliyejua kama ilikuwepo.

Nanyi mnaosoma msijifanye hamuijui sheria hiyo. Wangapi wenu mmepigiwa simu kutoka Dar na mtu mliyekula naye wali juzi, wala hakufungua mdomo kusema anasafiri?

Siri ilianza kumla Vuai kabla hajatoka nyumbani. Mwezi wa Aprili mlima ule bado una theluji, na kwenye theluji ngumu mpandaji hufunga vyuma vyenye meno chini ya viatu na kushika shoka dogo la barafu. Ranjit alikuwa navyo vyote, na angempa kwa moyo mkunjufu. Lakini ukiazima utaulizwa unakwenda wapi. Vuai hakuazima.

Jioni alipiga simu kutoka kijiji kiitwacho Trevelez, chini ya mlima.

"Huku mapaja ya nguruwe yananing'inia kila dari," alisema akicheka. "Mie nakula mkate na zeituni tu. Kesho nakwea, nikishuka ntakupigia."

"Umemwambia mtu huko kama unakwea?"

"Ya nini? Mwenye nyumba ya wageni kaniuliza, nikamwambia nakwenda Granada kwa basi."

Mnaona mazoea yalivyo? Mama wa Kispania, asiyejua hata Zanzibar iko upande gani wa dunia, naye kafichwa asije akatia jicho.

Siku ya pili, Jumamosi mchana, Ranjit aligonga mlango. Kilemba chake kilikuwa kimelowa mvua na hakutaka kuingia ndani. Yeye na Mwanakhamis walizungumza Kiingereza, ila maneno yao nawapa kwa lugha yetu.

"Dada, Vuai yuko wapi? Simu yake haipatikani."

"Yuko Leicester. Msibani."

"Una hakika? Juzi kazini aliniuliza maswali mengi ya Sierra Nevada. Nimeangalia hali ya hewa ya kule, kuna tufani ya theluji inaingia leo. Kama amekwenda, niambie tu. Ninayo nambari ya waokoaji wa mlima ule."

Hapo ndipo, ndugu zangu. Ukweli ulimfika Mwanakhamis mpaka kwenye ncha ya ulimi. Alimwona mumewe kwenye theluji na raba mpya alizonunua, maana viatu vya milima navyo hakuvinunua, dukani angeulizwa. Lakini aliisikia pia sauti ya Vuai ikisema, ukitaja tu, litanipata jambo. Alihisi kama Vuai kashikiliwa kule juu na mdomo wake yeye, na kwamba akiufungua tu mtu ataanguka.

"Yuko Leicester," akasema tena. "Atarudi Jumatatu."

Ranjit alimtazama kidogo, akaomba radhi kwa kusumbua, akaenda zake. Mlango ulipofungwa Nasreen alikuwa amesimama nyuma ya mama yake.

"Mummy, why did you lie to Uncle Ranjit?"

"Sikudanganya. Namlinda baba yako."

Jioni simu haikulia. Jumapili alikuja wifi yake, Asmahan, kutoka mtaa wa Alum Rock, na bakuli la pilau.

"Kaka yuko wapi?"

"Leicester. Kuna msiba."

"Wa nani? Mbona sie hatukusikia?"

"Jamaa za watu wa kazini kwao, wifi. Huwajui."

Asmahan alikunja uso lakini hakuuliza zaidi, maana na yeye kalelewa katika sheria ileile. Alipoondoka, Mwanakhamis alifukiza ubani nyumba nzima. Alisoma Yasini, akatia nia ya kufunga, akatoa sadaka. Alifanya kila kitu isipokuwa kile kimoja kilichotakiwa.

Jumatatu ndege ilitua bila Vuai. Msimamizi wa kiwanda alipopiga simu kumuulizia, aliambiwa Vuai ana homa. Jumanne, Mwanakhamis akiwa dukani Ladypool Road ananunua maziwa, aliyarudisha rafuni. Akakaa chini palepale, watu wanampita, akampigia Asmahan.

"Wifi, nimemuua kaka yako."

Akasema yote. Asmahan alimpigia Ranjit, na Ranjit akaacha mashine inazunguka akakimbilia simu ya ofisini. Waokoaji walianzia kwenye nyumba ya wageni, na mama mwenye nyumba akawaambia alichoambiwa, kwamba mgeni kaenda Granada kwa basi. Basi siku ile nzima ikapotea katika hospitali na vituo vya Granada. Ranjit alipiga kelele kwenye simu mpaka sauti ikamkauka, ndipo Jumatano helikopta ikapanda mlimani.

Walimkuta katika kibanda cha mawe karibu na maziwa madogo ya mlimani yaliyoganda, kajikunja, koti kalivuta mpaka kichwani, simu iko mfukoni lakini kule juu haishiki mtandao. Aliteleza kwenye mteremko wa barafu akavunjika paja, kisha akajiburura hadi pale. Daktari alisema kuanguka hakukumuua. Aliuawa na baridi, na haikumuua upesi. Huenda mpaka Jumatatu alikuwa bado anapumua.

Ranjit ndiye aliyekuja kumweleza Mwanakhamis. Mwanamke yule aliuliza swali moja tu.

"Ningekwambia Jumamosi?"

Ranjit alitazama sakafu. "Jumamosi tufani ilikuwa kali. Lakini Jumapili asubuhi kulikucha kweupe, dada. Wangemfikia." Kisha akajifunika uso kwa mikono miwili akalia, mbele ya Mwanakhamis, yeye aliyemfungia mlango.

Vuai aliletwa akazikwa Birmingham. Siku ya hitima, ukumbi umejaa, Bi Mize, shangazi yake Vuai, alimvuta Mwanakhamis jikoni, pembeni ya masufuria ya wali.

"Mwanangu, watu wataanza kuuliza. Sema moyo umesimama, usingizini, huko huko Leicester. Ya milima usiyataje."

"Kwa nini, shangazi?"

"Una mtoto wa kike anayekua. Watu wana macho."

Mwanakhamis alifunika sufuria la wali. Kisha akatoka, akaenda kusimama mbele ya wanawake waliokaa mikekani na juzuu mikononi.

"Mume wangu hakufa Leicester. Kafa Spain, mlimani, kavunjika mguu, akingoja watu. Mtu alikuja mlangoni kwangu kutaka kumwokoa, nikamwambia uongo. Nyinyi nyote mlioniuliza, nimekudanganyeni. Nisameheni, na muombeeni Vuai."

Wapo walioinuka wakamkumbatia. Wapo, najuta kusema, walioanza kunong'ona palepale.

Nasreen alikuwemo ukumbini. Toka siku zile, kila mama yake anapomwambia jambo, hata likiwa dogo kama kwamba chakula kiko tayari, mtoto humtazama usoni na kuuliza kama ni kweli. Mwanakhamis humjibu, ni kweli, mwanangu. Mtoto haamini mpaka aende jikoni akaone mwenyewe.

FUNZO

Husuda ipo, hatubishi. Imetajwa Kitabuni, na tumefundishwa pa kukimbilia tunapoiogopa. Lakini hakuna mahali tulipofundishwa kumdanganya mtu anayetuulizia ndugu yetu kwa wasiwasi. Hilo tumelizua wenyewe, tukaliita hekima, tukawarithisha na watoto.

Anayesafiri, hususan anayekwenda milimani, baharini au porini, na aseme anakwenda wapi, kwa njia gani, na atarudi lini. Aombe zana anazohitaji bila kuona haya. Na wewe uliyeachwa nyumbani na siri ya mtu, ukiona hofu imekuingia, ivunje siri hiyo saa ileile. Akirudi mzima akakugombeza, shukuru kwamba karudi. Vuai alijificha macho ya watu wote, na siku alipohitaji macho ya kumtafuta, hakukuwa na hata mtu mmoja aliyejua atazame wapi.